Mistari Miwili ya Kivu Kusini

Diploma yangu ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, niliipata bila mwalimu. Wengine huona aibu kusema hivyo. Mimi husema kabla sijaulizwa. Niliacha shule Luvungi nikiwa na miaka kumi na minne, nikaenda Kampala, nikapiga pasi nguo za watu miaka saba. Jioni nilisoma madaftari makuukuu ambayo dereva mmoja wa lori alikuwa akiniletea kutoka Bukavu. Niliporudi nyumbani nilijiandikisha kwa mtihani kama autodidacte, yaani mtu aliyejifundisha mwenyewe, na nikafaulu mara ya kwanza. Siku hiyohiyo nikaipeleka diploma ikafunikwe plastiki, isije ikaguswa na mvua. Kisha nikaingia chuo cha ualimu, mimi ambaye watu wa Luvungi walisema nitafia Kampala nikiwa nimeshika pasi.

Kwa hiyo baraza la ushauri wa elimu la Kinshasa lilipotaka kila mkoa utoe wanafunzi wawili, mmoja wa chuo na mmoja wa sekondari, sikushangaa kuchaguliwa. Nilishangaa kidogo tu kwamba tungekuwa wawili.

Wa pili alikuwa msichana wa darasa la sita la sekondari katika shule moja ya Kadutu. Kwao ni Luberizi, penye mpunga, alikolelewa na bibi yake, aliyemwita koko. Bukavu alikaa kwa mama yake mdogo, muuza unga wa muhogo sokoni. Alikuwa mtu wa maneno machache na daftari nene. Aliniita yaya, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, nami nililipenda jina hilo.

Vikao vilifanyika siku za masomo, katika ukumbi mmoja wa Bukavu wenye skrini. Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja, na wao wenyewe huchelewa saa nyingine, hivyo tulizoea kukaa tukiangalia viti vitupu vya huko. Wakati huo wa kungoja ndio niliojazia karatasi ya mahudhurio. Kila mkoa ulikuwa na mistari miwili. Mimi ndiye niliyeshika kalamu, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, na hilo hata maadui zangu watalikubali.

Katika kikao cha pili tuliulizwa kwa nini watoto wanaacha shule. Mikoa mingine ikataja simu, uvivu, wazazi. Msichana akainuka, akasema kwa Kifaransa cha polepole kisicho na kosa kwamba kwao watoto hawaachi shule, wanaamia ndege, yaani wanawafukuza shambani. Mpunga unapotia maziwa, kabla punje haijakauka, ndege hushuka kama mchanga uliomwagwa, na nyumba isiyo na mtoto wa kukimbia na kupiga kelele haivuni kitu. Shule inawaandika watoro; siku zikizidi, inawafuta. Aliomba siku za ndege zihesabiwe kando na mtoto apewe masomo ya kwenda nayo shambani. Mwenyekiti akamwomba arudie yote, ili yaandikwe. Mimi nilikuwa nimeandaa kurasa nne, na hakuna aliyeniomba nirudie hata sentensi moja.

Tulikuwa tumefanya vikao sita aliponipigia simu, mtihani wa Serikali ukiwa umebaki majuma mawili na siku kidogo.

“Yaya, bamenifuta.”

“Nani?”

“Préfet. Jina yangu haiko tena kwa liste ya batu ya mtihani.”

Nikamwambia asilie, ingawa hakuwa analia, na kwamba yaya anakuja. Nikapiga pasi shati jeupe mwenyewe, nikalivaa. Nikachukua diploma yangu na kupanda Kadutu kwa miguu, maana ile njia ya shuleni pikipiki huiogopa ikiwa na tope.

Préfet, mkuu wa shule, alikuwa baba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na rula ya mbao mkononi. Msichana alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango. Nikajitambulisha kwa kirefu na kuiweka diploma mezani. Préfet akaisogeza kwa ncha ya rula ili apate nafasi ya kufungua daftari la wito, lile la mahudhurio.

“Diplome yako ni muzuri,” akasema. “Sasa tuongee absence ya mutoto. Limite ya shule ni vingt, mwenye kufikisha ishirini tunamufuta. Yeye iko na vingt-quatre, ishirini na ine.”

“Lakini Préfet, siku sita kati ya hizo alikuwa mu baraza ya taifa, pamoja na miye.”

“Sikiya, papa. Hapa kwangu mwanafunzi asiyekuwa mu darasa iko absent. Iko anafukuza ndege, iko absent. Iko anashauri Jamhuri, iko absent. Karatasi ya ile baraza yenu sijaona hata moja.”

Hapo nilicheka moyoni. Barua za mwaliko zilikuwa zimeishia kwenye ofisi ya mkoa, sawa, lakini karatasi za mahudhurio, zote sita, nilikuwa nazo katika simu. Nikamfungulia ya kwanza. Akaivua miwani, akaivaa tena, akasoma kwa sauti kama anayeita darasa.

“‘Mkuu wa ujumbe wa Kivu Kusini, Diplômé d’État, autodidacte, mwanafunzi wa ualimu, mwandishi wa mkoa.’ Hii yote ni mutu moja?”

“Ndiyo, Préfet. Ni miye.”

“Umekula mistari yote mbili.”

“Kuko ‘plus 1’, pale mwisho, ni kusema na mutu mumoja tena.”

“Nimeona. Plus un. Huyu Plus Un ni nani? Mi najua namna gani kama haukuenda na mbuzi?”

Nikafungua ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Nilijua kilichomo, lakini niliendelea kufungua kana kwamba moja ingekuwa imejirekebisha njiani. Zote sita zilikuwa sawasawa, kwa mwandiko mzuri. Nyuma yangu benchi likalia. Msichana alikuwa amesimama na kutoka.

Nilimkuta chini kidogo, anashuka haraka kati ya nyumba.

“Kampala balikufundisha kunyoosha nguo,” akasema bila kugeuka. “Lakini miye ulinikunja.”

“Sikujua itafika huku.”

“Ulijua niko na jina. Absence zingine zote nilikuwa kwa koko, nafukuza ndege. Ile siku sita nilimuacha peke yake nao. Alipoteza jaruba muzima ya mpunga, yaya. Ju ya plus un.”

Nikaendelea kushuka nyuma yake mpaka sokoni, alikoingia katikati ya magunia ya mama yake mdogo bila kuniaga. Nikasimama pale nikisukumwa na wabeba mizigo, na nikaamua. Kitu nilichokiharibu kwa kalamu ningekitengeneza kwa mdomo, mbele ya wale walewale.

Kikao cha saba kilikuwa kesho yake, na msichana hakuja. Kinshasa walipokaa vitini, niliomba neno kabla ya ajenda. Nikasema kwamba katika vikao sita mwenzangu alikuwepo, alisema, aliandika, na jina lake halimo, kwa sababu mimi nilijaza mistari miwili kwa vyeo vyangu. Nikasema shule yake imemfuta kwa siku hizo. Nikasema wazo la siku za ndege, ambalo mikoa mitatu imelichukua kuwa lao, ni la mtu ambaye karatasi zetu hazimjui. Katika mkoa fulani mtu alicheka akisahau kuzima kipaza sauti, na kicheko chake kikasikika nchi nzima. Nikangoja kiishe, kisha nikamalizia kuomba barua ya marekebisho. Nimeshasimama mbele ya jury ya mtihani na mbele ya askari wa mpakani. Hakuna hata mmoja kati yao niliyemwambia kosa langu. Lakini nilisema bila kusoma popote, na nilisema vizuri.

Barua ilifika baada ya siku mbili, jina la msichana limeandikwa mara sita, tarehe kwa tarehe, na muhuri chini. Préfet aliusoma muhuri kwanza. Kisha akafungua daftari la wito na kukata siku sita kwa wino mwekundu, moja moja, akitumia ile rula.

“Vingt-quatre toa sita?” akamuuliza msichana.

“Dix-huit, Préfet. Kumi na munane.”

“Jina inarudi. Lakini imebaki absence moja tu. Ukifikisha ya pili mbele ya mtihani, hata Kinshasa yote ikuje hapa kwa miguu, sitakurudisha.”

Nilimshukuru kwa maneno mengi. Msichana hakumshukuru, alikuwa anahesabu kitu kwa vidole chini ya daftari. Nje nikamuuliza ana nini, wakati jina limesharudi.

“Mpunga ya koko iko natia maziwa sasa,” akasema. “Ile iliyobakia. Siku kumi, pengine kumi na mbili. Mama mudogo hawezi kuacha soko, koko hawezi kukimbia. Nikibakia hapa, hatuvune. Nikienda, Préfet ananifuta.”

Lazima niseme jambo moja kuhusu mimi na mpunga. Kilichonitoa shule ya Luvungi ni ndege walewale. Nilipopanda lori kwenda Kampala niliapa kwamba mguu wangu hautakanyaga tena tope la jaruba, na kila ukurasa niliousoma huko niliusoma kwa ajili ya kiapo hicho. Diploma ile, kwangu, ilikuwa karatasi ya kutorudi.

“Nitaenda miye,” nikasema.

Alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya benchi.

“Weye? Na ile chemise?” akauliza, akiligusa shati langu.

“Chemise nitaacha.”

“Na kozi zako?”

“Mutoto, miye ni autodidacte. Kozi zinanifuata kwenye niko.”

Koko alinipokea Luberizi akinitazama mikono kabla ya uso. Alikuwa bibi mwembamba, mguu mmoja umevimba, sauti ya kuvuka mashamba matatu.

“Ni weye mudiplome?”

“Ni miye, koko.”

“Diplome inajua kutupa kombeo?”

“Ilijua zamani.”

“Basi panda kule juu tuone.”

Kule juu palikuwa dungu, jukwaa la miti katikati ya mpunga. Kamba zilitoka hapo kwenda kila pembe, zimefungwa mikebe ya nyanya yenye mawe ndani. Ukivuta moja, upande mzima unalia. Siku ya kwanza nilivuta kwa nguvu mno, nikakata mbili, na koko akanitukana kwa Kifuliru, kilugha cha huko, ambacho alidhani sikijui. Siku ya pili mkono ulikumbuka kombeo. Siku ya tatu nilimpiga donge la tope mgongoni ndege aliyekuwa akiruka, na koko, aliyekuwa anapepeta maharagwe uani, hakunitukana tena mpaka jioni. Huo ulikuwa ushindi.

Ndege hushuka alfajiri na alasiri. Mchana kwa jua kali hupumzika, nami nikafungua kozi zangu za saikolojia ya mtoto palepale juu, miguu ikining’inia, tope likinikauka mpaka magotini. Nilisoma sura tano. Walioketi darasani Bukavu majuma hayo walisoma tatu.

Watu wa Luvungi wanapita njia ile na baiskeli zao kwenda sokoni, na wana macho.

“Eee, Kampala! Umerudishwa mu mpunga?”

“Niko mu kazi ya taifa!” nikawajibu kutoka juu.

“Taifa gani, ya ndege?”

“Ya mtoto mumoja anasoma!”

Walicheka mpaka baiskeli zikayumba. Nikavuta kamba zote kwa pamoja ili nisiwasikie, na pia kwa sababu kundi lilikuwa linashuka upande wa mfereji.

Msichana hakukosa hata siku moja. Kila jioni alinitumia ujumbe mfupi: “Présente,” yaani yupo. Mimi nilimjibu kwa idadi ya majaruba yaliyokauka punje: mawili, matatu, manne. Ile siku moja ya akiba hakuitumia. Nilimwambia anaweza kuja Jumamosi kumwona bibi yake. Akajibu kwamba Jumamosi atarudia hesabu, na kwamba yaya asilale kwenye dungu.

Asubuhi ya mtihani, wavunaji walikuwa wameshaanza pembe ya juu na miundu yao. Ilibaki jaruba moja la chini, lililopandwa mwisho, bado lina maziwa. Koko alikuja amejikokota mpaka chini ya dungu na kukaa kwenye tuta, akiiangalia simu yangu ambayo nilikuwa nimeitundika kwenye msumari. Saa mbili na robo simu ikalia. Namba sikuijua, lakini sauti ya rula ikigonga meza niliitambua.

“Papa mkuu wa ujumbe?”

“Ndiyo, Préfet.”

“Nimeita liste. Plus Un ameitika. Iko ndani.”

Akakata. Nikamwinamia koko na kumwambia, kwa Kifuliru, kwamba mjukuu wake ameingia. Alishtuka, kwanza kwa lugha, nadhani akikumbuka matusi yale, kisha kwa habari. Akafunika uso kwa kitenge. Halafu akakifunua upesi, akanyoosha mkono kuelekea jaruba la chini, na kwa ile sauti ya kuvuka mashamba matatu:

“Mudiplome! Ndege!”

Nikavuta kamba.