Ile Cavalier Ilienda mu Sahani ya Kasereka

Ninyi batoto ba première, mwaka wa kwanza, mukae niwaelezee kazi vile ilikuwa inafanywa mu wakati wangu, mbele nipate retraite, kupumuzika kwa bazee. Siku ya kwanza, bureau ya informatique ya Butembo ilinipokea na fagio. Monsieur le Gérant, mukubwa wa bureau, aliniambia: "Technicien anaanziaka mu vumbi." Nikafagia, nikajiona tayari mukubwa.

Kisha nikapewa kazi ya mangaribi. Ilikuwa vita, basoda benye bunduki bakiingia, banabeba machine, zile kompyuta. Donc kila mangaribi tulikuwa tunatoa disque dur, ile kisanduku ya chuma yenye inachunga kazi yote, tunaificha mu mufuko wa maharagi wa Maman Gérante, muke wa Gérant. Mwizi abebe sanduku, akili ibakie mu maharagi.

Ndipo Kasereka akafika, kutoka Beni, commune ya Bungulu. Ku masomo balimukalisha ku banc yangu, ku bureau balimupa fagio ya pili. Shati yake ilikuwa na pasi hata siku ya mvua. Gérant alimupenda palepale. Mimi nilimuchukia palepale.

Siku moja Gérant akasema: "Ninafungua bureau ingine ku Bungulu. Mwenye ataweka Linux mu hii machine, ndiye chef kule mu vacances, masomo ikifungwa."

Chef! Nikaona Kasereka amekalia kile kiti. Nikamutangulia ku machine.

Tukarudisha disque. Linux, ile programu yenye inaongoza machine, ikaanzia ku disquette, ikaandika: hakuna disque.

"Module inakosa," nilisema, ile kipande ya programu yenye inafundishaka Linux kujua chombo. Nikaandika modprobe, amri ya kuita module, nikasoma dmesg, maneno yote yenye machine inasema ikiwaka. Kasereka alikuwa ananiangalia na upole. Ule upole uliniuma kuliko tusi.

Gérant akauliza: "BIOS inaiona?" BIOS inaamukaka mbele ya Linux, inatafuta vyombo.

"Hapana, Patron."

"Sasa kama BIOS haiione, Linux itaiona na macho gani, weye mutoto?"

Kasereka akacheka. Sababu ya kile kicheko, nikarudi ku modprobe yangu.

Saa sita, Maman Gérante akaleta bugali na maharagi. Kasereka akashituka, akashika shavu.

"Jiwe!"

"Maharagi yangu haina mawe!" Maman akasema.

Kasereka akatema mu mukono kaplastiki keusi, kadogo kama jino ya panya. "Patron, hii si cavalier?"

Cavalier inakaaka nyuma ya disque. Disque na lecteur CD, chombo yenye inasoma CD, vinagawana câble moja, kamba ya kupitisha maneno, na cavalier ndiyo inasema nani mukubwa. Ilikuwa imeanguka mu mufuko, Maman akaipika. Bila yenyewe, vyote viwili vinajisema vidogo, na machine inachanganyikiwa.

Kasereka akaiosha, akaikausha, akaipachika. BIOS ikaandika jina la disque. Linux ikaingia bila kelele.

"Voilà chef wa Bungulu," Gérant alisema. "Ana jicho."

"Ana jino, Patron!" nikalia. Hakuna mwenye alicheka.

Ndiyo retraite yangu: niko troisième, mwaka wa tatu wa masomo, banc ya nyuma. Kasereka akitoka Beni ananiita "Collègue." Ninaitika vizuri. Lakini kwetu Mama akipika maharagi, ninatafuna polepole, mbegu kwa mbegu. Mama anafikiri ni utamu.