Bunduki ya Ngabu na Siku Tatu Nilizonyamaza

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, iko moja ambayo haijanitoka, na si siku ya arusi yangu. Ni Jumatano moja ya majira ya mvua, hapa Bunia, mtaani Bigo. Siku hiyo nilimkabidhi mtu bunduki yake nikamwambia, "Iko muzuri," hali moyo wangu haukuwa umesema hivyo.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati nchi yetu ikiitwa Zaïre. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mikono myepesi na kichwa kikubwa. Nilifanya kazi kwa Muzee Paluku, fundi aliyehama Butembo na familia yake akafungua ateliye, yaani karakana, nyuma ya nyumba yake. Alitengeneza baiskeli, kufuli na vyerehani, lakini waliomjua walimletea pia bunduki za kuwindia, zile zenye karatasi ya serikali. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akipewa kitu kibovu, kwanza alikaa nacho tu, akikigeuza mikononi, kama mganga anayemsikiliza mgonjwa. Mimi nilidhani ni uzee. Mgeni wa kazi, mwanangu, huona subira ni uvivu.

Basi kulikuwa na mkulima wa Aveba aliyeitwa Ngabu. Nyati waliposhuka mashambani upande ule, watu walimwita yeye. Bunduki yake ilikuwa ya zamani, ile ya kuvuta komeo kwa mkono kila unapotaka kupiga tena. Mbao yake ilikuwa imepasuka, na Muzee akamchongea mpya ya mti wa libuyu, kwa kipimo cha bega la Ngabu mwenyewe. Ilitoka nzuri, nyekundu, inang'aa. Lakini uzuri wa mkungu si utamu wa ndizi. Chini ya bunduki ile kuna kisanduku kidogo cha chuma kinachobeba risasi nne, nacho kinakaa ndani ya shimo lililochongwa kwenye mbao. Tangu mbao mpya iwekwe, risasi zilikuwa zikipanda vibaya. Moja huingia, nyingine huinamisha pua, ikagonga chuma na kukwama.

Muzee aliitwa Butembo kumzika dada yake kabla hajaipata sababu. Alipokuwa anafunga mzigo wake aliniambia, "Kambale, bunduki ya Ngabu, usitie tupa kwa chuma. Unisikie? Uningojee."

Nikaitika. Kuitika ni rahisi.

Jumatatu Ngabu akafika, matope hadi magotini. Hakutaka hata kukaa.

"Nyati moja iko natutesa," alisema. "Ilikanyaga mihindi, sasa ilipiga mama moja kwa njia ya maji. Watoto hawaende tena shamba. Bunduki iko wapi?"

"Muzee haiko, Baba."

"Na weye? Weye si fundi?"

Mwanangu, neno lile liliniingia kama pombe. Weye si fundi? Ningeweza kusema, "Hapana, bado najifunza." Yangekuwa maneno matatu tu. Lakini nikamwambia arudi Jumatano.

Nikaifungua bunduki. Juu ya kile kisanduku kuna kingo mbili za chuma, tulizoziita midomo, ambazo huzishika risasi zisiruke mpaka komeo lizisukume. Niliona risasi inakwaruza pale, nikasema moyoni, hapa ndipo penye ugonjwa. Nikachukua tupa. Nikasugua kidogo, nikajaribu, nikasugua tena. Katika ateliye tulikuwa na risasi mbili tu zisizo na baruti, za kujaribia. Nikazitia zote mbili, nikavuta komeo, zikapanda kama maji. Nilicheka peke yangu.

Lakini kisanduku kile hubeba nne, si mbili. Kikijaa, springi ya chini hukazwa na kusukuma kwa nguvu zote. Nililijua hilo. Nilijua pia kwamba jirani yetu fundi wa saa, aliyekuwa pia mwindaji, alikuwa na nyingine mbili za kujaribia, hatua hamsini kutoka mlangoni. Sikwenda kuziazima. Niliogopa kuona kile ambacho zingenionyesha.

Jumatano Ngabu alikuja, nikampa bunduki yake. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Aksanti, mutoto yangu. Mungu akuongezee." Akaondoka na lori lililokwenda Gety.

Kesho yake asubuhi Muzee alirudi. Hata chai hakunywa, aliulizia bunduki kwanza.

"Ngabu aliikamata jana," nikasema. "Niliitengeneza."

"Ulitia risasi ngapi kwa kujaribu?"

"Quatre, Muzee," nikasema, yaani nne.

"Zote zilipanda?"

"Zote."

Akanitazama kidogo, kisha akatikisa kichwa kwa furaha. "Basi miye niko nazeeka," alisema. "Sikuona ugonjwa yake. Weye umeiona." Akaingia ndani kumsimulia mkewe jinsi kijana wake alivyokuwa sasa fundi kamili. Nilimsikia kupitia dirishani. Kama angenitukana ningepata nafuu.

Alhamisi hiyo nilirudisha sahani yangu ikiwa imejaa. Ijumaa mke wa Muzee aliniuliza kama nina malaria, nikamjibu ndiyo. Ona basi uongo ulivyo na watoto wengi: nililala na homa ambayo sikuwa nayo, nikanywa dawa chungu ya ugonjwa ambao sikuugua. Wazee wamesema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilidhani wanasema juu ya maradhi ya mwili.

Jumamosi alfajiri Muzee aliniita ateliyeni. Alikuwa ameshika ufunguo wa kabati la bunduki, ule ambao hakuwahi kumpa mtu.

"Tangu leo weye utauchunga," alisema.

Sikuupokea. Nikaanza kulia, mtu mzima mwenye ndevu, na katika kulia nikasema yote: tupa, midomo ya chuma, risasi mbili badala ya nne, na lile neno "zote."

Muzee Paluku hakupiga kelele. Aliurudisha ufunguo mfukoni. Alivaa viatu vyake vya safari, akatia vifaa kwenye mfuko, akachukua bunduki moja nzima aliyokuwa na ruhusa nayo, ya kumwazima Ngabu.

"Simama," alisema. "Machozi utalia mu njia. Twende kabla Ngabu hajaingia pori."

Tulipata lori hadi Gety, na kutoka pale tukatembea kwa miguu katika utelezi. Mzee wa miaka sitini na zaidi alitembea mbele, mimi nyuma nimebeba mfuko. Njia nzima alinipa mgongo, ila mara moja tulipovuka kijito alinipa mkono nisianguke.

Tulifika Aveba jua likielekea kushuka. Uani kwa Ngabu watu walikuwa wamejikusanya. Yeye alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba barazani, mkono wake wa kulia umefungwa vijiti kuanzia bega hadi kiganja, uso umevimba. Mkewe alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko.

Ilikuwa imetokea jana yake, Ijumaa, baada ya saa sita. Alimpiga nyati risasi ya kwanza, akavuta komeo, na risasi ya pili ikaruka ikasimama upande, ikaziba njia. Nyati alikuja. Ngabu alijitupa kwenye mtaro, mnyama akamkanyaga mkono, kisha akaenda kufa mbele kidogo kwa ile risasi moja. Mungu alimwacha hai. Kiwiko ndicho kilichovunjika.

Muzee alivua kofia. "Ngabu, bunduki ilitoka kwangu," alisema. "Kosa iko yangu."

Ningeweza kuliacha neno hilo pale, mwanangu, nikafunikwa na jina lake. Lakini nilipiga magoti kando ya kitanda kile. "Hapana. Muzee alinikataza. Ni miye nilikata chuma. Na nilijua haijapona."

Mkewe aliweka kijiko chini. Ndipo Ngabu akageuza kichwa chake taratibu.

"Kukosa, kila mutu anakosaka," alisema. "Hata miye nilikukimbiza na haraka yangu, nilikuona ungali kijana. Ile nakusamehe. Lakini ulijua tangu juzi-mbele, ile Jumatano. Kambale, kama ungekuya jana asubui, ungenikuta hapa hapa, nanywa chai. Siku tatu yote ulikuwa unangoja nini?"

Swali hilo, mwanangu, nalisikia mpaka leo.

Asubuhi yake Muzee aliifungua bunduki ile mbele ya Ngabu. Alichukua masizi ya koroboi, akapaka kisanduku kile pande zote, akakirudisha ndani ya mbao, akakaza, kisha akakitoa tena. Masizi yalikuwa yamechafua mbao mahali pamoja tu, pembeni nyuma, penye kifundo kisichozidi ukucha. Mbao ilikuwa imevimba kwa mvua, na kifundo kile kilikuwa kinakisukuma kisanduku kikae upande. Muzee alikigusa kwa patasi mara mbili. Ugonjwa wote ulikuwa huo. Chuma hakikuwa na hatia yoyote.

"Mbao inavimbaka, inakaukaka, unaweza kuibembeleza," aliniambia kwa sauti ya chini. "Chuma ukikata, umekata. Uulize kwanza chenye kinaweza kurudi."

Midomo niliyoisugua haikurudi. Ilimchukua Muzee miezi mingi kupata chuma kingine. Mkono wa Ngabu nao haukunyooka tena. Bunduki aliichukua mdogo wake baada ya kupata karatasi. Mimi niliomba ruhusa, nikakaa Aveba misimu miwili nikimlimia mihogo na maharagwe. Mwanzoni mkewe aliniwekea chakula bila kunisalimia. Siku moja, wakati wa kupalilia, alisema tu, "Pumzika, jua iko kali." Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia tena.

Basi sikia, mwanangu, wewe unayeshika leo kazi ya mikono, au ya kalamu, au ya kuongoza watu. Usione haya kusema "bado sijui". Neno hilo halijawahi kumvunja mtu kiwiko. Kabla hujakata kisichorudi, gusa kwanza kinachorudi. Jaribu kazi yako kwa mzigo itakaoubeba kweli, si kwa ule unaokupendeza. Na ukikosa, maana utakosa, usilale nalo. Kosa langu lilikuwa na siku mbili nzima za kutibika, nami nikazitumia kulinda sifa ambayo haikuwa yangu. Kama ni leo umelificha neno, amka ukalisema. Huenda mwenzio bado anakunywa chai nyumbani kwake.

Mungu akupe mikono myepesi na ulimi usio mzito kukiri. Akupe bwana wa kazi kama Muzee Paluku, atakayekushika mkono kijitoni hata akiwa amekukasirikia. Na wale utakaowaumiza, awape moyo wa Ngabu na mkewe. Enenda salama, mwanangu.