Diwani wa Benchi Moja

Ilani ya uchaguzi ya Orpha ilikuwa na neno moja tu: benchi. Njia ya kupanda kutoka stesheni ya Hallonbergen, huko Uswidi, hadi kwenye majumba yao ilikuwa ndefu, na haikuwa na pa kuketi hata kwa dawa. Orpha, mzaliwa wa Uvira, Kongo, alikuwa ameishi hapo miaka kumi na minne, na kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao. Alikwisha kuwaona wazee wale wakiegemea mapipa ya taka, wanahema huku wakijifanya wanatazama mawingu. Alisema, akaandika barua, akapiga simu. Mwishowe akaona isiwe tabu, ataingia mwenyewe.

Akajiunga na chama kidogo cha mtaani, Grannlistan, yaani Orodha ya Majirani, kugombea baraza la manispaa ya Sundbyberg. Wakampa namba kumi na saba kwenye orodha, ile namba ya mtu anayewekwa ili picha ipendeze. Mwenyekiti, Mikael, mtu mpole asiyejua kudanganya, alimweleza kinagaubaga kwamba wakibahatika watapata viti viwili, na vitakwenda kwa walio juu. Ila ulikuwepo mlango wa uani. Mpiga kura anaweza kuweka alama mbele ya jina la mgombea mmoja anayempenda, na Orpha akipata alama hamsini, atawaruka wote waliomtangulia. Mikael akamwonya kuwa hamsini si mchezo. Orpha alimwitikia kwa adabu, lakini moyoni alikuwa anacheka. Kwaya yake peke yake ilikuwa na watu sitini na wawili.

Basi kampeni ikaanza, na kampeni gani! Kila Jumapili, kwa miezi mitatu, Orpha alipanda treni hadi Bredäng, upande wa pili wa jiji, kwenye ukumbi waliokodi Wakongo wenzake kwa ibada. Papa Édouard, kiongozi wa kwaya, alitunga wimbo wa benchi wa sauti nne, na watu wa besi wakawa wanaingia wamechelewa kama kawaida yao. Akina mama walishona vitenge vya sare. Watu mia moja na arobaini waliahidi, wengine wakiapa kwa mikono miwili juu. Orpha alirudi kila mara amekauka sauti, miguu inamwaka kwa kucheza, na furaha haimtoshi kifuani.

Siku kumi na nane kabla ya uchaguzi, kadi za wapiga kura zikawasili kwa posta. Papa Édouard akaipiga picha kadi yake kwa fahari na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Orpha akamwonyesha binti yake, Heshima, aliyekuwa jikoni anakula mkate. Heshima akaisoma mara moja, akaisoma tena, halafu akaketi sakafuni akicheka mpaka machozi.

“Mamma, de bor ju i Stockholm,” alisema. Kwamba watu wale wanakaa Stockholm.

Orpha hakuona cha kuchekesha. Si wote wanakaa Stockholm? Miaka yote hiyo, ndugu wakipiga simu kutoka Uvira na kuuliza uko wapi, nani alijibu Sundbyberg? Usimcheke, msomaji, nawe ungejibu hivyo hivyo. Heshima akachukua kalamu na kumchorea kwenye bahasha. Sundbyberg ni manispaa ya peke yake, ndogo kama kiraka, yenye baraza lake na karatasi zake za kura. Bredäng iko ng'ambo ya mpaka. Kati ya wale mia moja na arobaini, aliyeweza kumpigia alama mama yake hakuwepo hata mmoja. Miezi mitatu alikuwa amefanya kampeni katika jimbo la watu wengine.

Orpha alishika kichwa. Kisha kicheko kikampanda naye, akaketi sakafuni kando ya binti yake. Alipopata pumzi akampigia Papa Édouard.

“Papa Édouard, batu ba Bredäng habawezi kunichagua. Mupaka unatukatala.”

Papa Édouard akauliza kama hawawezi kukodi basi.

Zilibaki siku kumi na nane na alama sifuri. Ndipo Orpha alipokumbuka chumba cha kufulia. Jengo lao lina milango sita, na wote wanashuka kufua chini hapo hapo, kila nyumba kwa saa yake iliyoandikwa ubaoni. Kwa miaka kumi na minne Orpha alizijua shuka za majirani kabla hajayajua majina yao, na siasa zao pia alikuwa amezisikia mashine zikizunguka. Mlango A walipiga kura kama walivyopiga majengo yalipokuwa mapya. Mlango B walibadili chama kila uchaguzi, kama watu wanavyobadili laini za simu. C hawakupiga kabisa. D walipiga na kuficha. Mlango E kulikuwa na Kimani na mkewe, ambao kwa miaka ishirini walikuwa wakifutiana kura, kila mmoja na chama chake, na kurudi nyumbani wameshikana mikono.

Mbinu yake ilikuwa ya kishetani. Shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja. Kila mtu alipotoa shuka mashineni, Orpha alitokea, akashika pembe mbili, na mwenye shuka, akiwa ameshika pembe zake mbili, hana pa kukimbilia mpaka habari ya benchi iishe. Alikunja shuka za A, za B, hata za C. Alikunja mpaka usingizini mikono ikawa inakutana.

Ikabaki shuka ya Nora wa mlango F. Bibi huyo wa miaka themanini na moja, mwenye kigari cha kutembelea, hakuwa amemsalimu Orpha kwa miaka sita, tangu kwaya ilipofanya mazoezi sebuleni kwa Orpha, juu ya dari ya Nora. Orpha alishika pembe mbili, akasema yake. Nora akamtazama.

“Na kwaya?”

“Kwaya iko Bredäng.”

“Ibaki huko,” alisema Nora, akavuta shuka ikanyooka.

Jumapili ya uchaguzi Orpha aliingia nyuma ya pazia na karatasi yake nyeupe, akaliona jina lake, na mkono ukagoma. Nyumbani kwao Uvira mpakuaji alijipakulia wa mwisho. Kujichagua mwenyewe ni aibu gani hiyo? Alisimama pale mpaka msimamizi akakohoa. Akaweka alama haraka, akatoka anajisikia kama aliyeiba sukari.

Kuhesabu majina kulichukua siku. Alhamisi Mikael akapiga simu: chama kimepata viti viwili, na alama za Orpha zimehesabiwa. Hamsini. Si hamsini na moja. Orpha alikuwa chumba cha kufulia; alicheza wimbo mzima wa benchi peke yake, na besi akajiimbia.

Habari ilipoenea, jengo zima likapata wazimu. Kimani alimsimamisha ngazini kumwambia kuwa ile ya hamsini ilikuwa yake. Mkewe akasema ni yake yeye. Mtu wa D, aliyeficha kura maisha yake yote, alinong'ona kuwa bila yeye asingeingia. Orpha aliwaitikia wote kwamba ni kweli, na ilikuwa kweli kwa kila mmoja wao. Hata Papa Édouard alidai ile ya hamsini ilitokana na wimbo wake. Alama yake mwenyewe Orpha hakumwambia mtu.

Benchi liliwekwa Mei iliyofuata. Siku ya tatu Orpha alipanda kutoka stesheni, amechoka, mifuko mikono yote miwili, akakuta limejaa: Kimani, mkewe, mtu wa D, na Nora katikati, wanabishana nani alikuwa wa hamsini. Hakukuwa na nafasi hata ya kuweka mfuko.

Nora akampiga Kimani kikumbo cha kiwiko.

“Sogea,” alisema. “Diwani akae.”