Betri za Kinanda cha Margwe

Walisema vidole vyangu viliumbwa kushika kamba ya ndama. Walisema mtoto wa nyumba isiyo na hata redio nzima hawezi kujua kinanda, na kwamba nikizidi kung'ang'ania, mkono wangu wa kushoto utakauka kama tawi lililokatwa. Aliyesema hilo la mwisho ni Mzee Awaki, katibu wa kwaya yetu, na alilisema nje ya kanisa, Jumapili, watu wakiwa bado wanasalimiana. Leo stashahada yangu ya muziki imetundikwa dukani kwangu hapa Karatu mjini, ndani ya fremu ya kioo, mahali ambapo mtu hawezi kununua hata waya bila kuiona. Sikuitundika pale kwa bahati.

Wazazi huniletea vinanda vya mtumba vimefungwa kwenye khanga, wanataka niwaambie kama vinamfaa mtoto. Wengi huanza kunieleza kina sauti ngapi: filimbi, ngoma, mpaka mlio wa helikopta. Mimi siulizi sauti. Natazama kama vitufe ni vya ukubwa wa kawaida, nagonga kimoja polepole kisha kwa nguvu nione kama kinatofautisha, halafu nakigeuza kinanda kifudifudi na kufungua kifuniko cha betri. Hapo nanusa. Betri iliyovuja ina harufu ya sarafu iliyolowa, yenye uchachu unaobaki puani. Ikinifikia, huwa naacha kusikia mzazi anasema nini. Narudi katika chumba kimoja chenye madirisha yaliyofungwa, kijijini kwetu, nikiwa darasa la nne.

Kijiji chetu kiko juu ya Rhotia, pale mashamba ya mahindi yanapoishia na msitu wa Ngorongoro unapoanza. Miezi ya baridi, ukungu ulishuka kutoka msituni kila alasiri, ukapita kati ya nyumba bila kubisha hodi, na ng'ombe aliyekuwa mbele yako akabaki kengele tu. Margwe ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wetu. Siku za kazi alipika kwenye kambi za watalii, na Jumapili alipiga kinanda alichokinunua Arusha, kinanda cha betri ambacho kila kitufe kiliwaka taa nyekundu kikipigwa. Siku moja aliomba lifti kwenye lori lililokuwa likishuka kutoka kreta ya Ngorongoro. Ukungu ulikuwa mzito. Lori lilipatikana bondeni kesho yake, na Margwe tukamzika.

Kwa sisi Wairaqw, kifo cha namna ile huiweka nyumba kwenye metimani, yaani inajitenga. Watu hawaingii, waliomo hawatembelei wengine, moto hauazimwi, kata ya maji haichangiwi, mpaka wazee waseme sasa basi. Mchungaji alikuwa amehubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Tuliitikia amina kwa sauti kubwa, tukarudi nyumbani, tukaiheshimu metimani kama kawaida. Katika nyumba ile alibaki mtu mmoja tu, Mama Margwe, mjane, ambaye mwanawe wa pekee ndiye tuliyemzika.

Alasiri moja nilikuwa nalinda ndama wetu kando ya ua wake niliposikia kinanda.

Nilimjua mpigaji. Kila mpigaji ana mkono wake, kama kila mtu alivyo na mwendo wake, na ule ulikuwa mkono wa Margwe, na mimi mwenyewe nilikuwa nimetupa konzi ya udongo juu ya jeneza lake. Sauti zilikuwa za chini, nzito, zinatembea taratibu. Niliacha ndama. Nilipita kwenye upenyo wa ua nikafika mlangoni, nikatia jicho moja.

Chumba kilikuwa giza. Kinanda kilikuwa juu ya meza, na kigoda mbele yake kilikuwa kitupu. Taa nyekundu zilikuwa zikirukaruka kwenye vitufe, hapa, pale, mbili pamoja, tatu pamoja, kama vidole vya mtu aliyebaki vidole peke yake. Mama Margwe alikuwa amekaa mbali, ameegemea ukuta wa nyuma, mikono yote miwili ameificha ndani ya shuka.

"Nani hapo?"

"Ni mimi, Baha."

"Macho yako yameshaingia, Baha. Ingiza na miguu. Usiogope, ni Margwe."

Niliingia. Sijui kwa nini sikukimbia. Aliponiona nimeganda karibu na mlango alinieleza kwamba mwanawe aliuingiza wimbo ule kwenye kumbukumbu ya kinanda kabla ya safari yake ya mwisho, akamwonyesha kibonye. Alimwambia, "Mama, nikiwa kambini, ukinikumbuka, bonyeza hapa." Kisha akakibonyeza tena nisikie tangu mwanzo.

Kulikuwa na mambo mawili yaliyonitisha kuliko taa zenyewe. La kwanza, ziliwaka upande wa kushoto tu, kwenye sauti za chini. Nusu yote ya kulia ilibaki giza. La pili, katikati ya wimbo taa zilizimika zote. Kimya kikaingia. Mama Margwe aligeuza uso akatazama mlango niliokuwa nimeingilia, na mimi nikageuka nione nani anakuja. Hakuna aliyekuja. Taa zikawaka tena, wimbo ukaendelea.

"Mbona amenyamaza?" niliuliza.

"Huwa ananyamaza hapo," alisema.

Nyumbani, bibi yangu, ambaye sote tulimwita aama, aliijua habari kabla sijafunga ndama. Hakunipiga. Alichukua kikombe changu akakiweka peke yake kwenye rafu ya chini. "Ukishaingia, umeingia," alisema. "Kikombe chako ndicho hiki. Usikichanganye na vya wenzako." Shuleni, dawati langu lilibaki na mtu mmoja. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaharibikiwa, sikuona sababu ya kutorudi.

Ndivyo nilivyojifunza kinanda, ndugu msomaji. Wenzangu chuoni walifundishwa na walimu wenye chaki. Mimi Mama Margwe alinikalisha kwenye kigoda cha mwanawe, akasema, "Weka vidole anapoweka vyake." Nikaweka. Taa ikiwaka chini ya kidole changu nilihisi kitufe kina joto, na hadi leo sitaki mtu anieleze kama taa ndogo vile inaweza kutoa joto au haiwezi. Margwe alikuwa na kidole kidogo kinachochelewa. Nikajifunza kuchelewa. Kuna mahali alikosea akajisahihisha haraka, nikajifunza kosa na masahihisho yake. Miaka mingi baadaye mwalimu wangu chuoni alisimamisha darasa zima akaniuliza, "Wewe nani alikufundisha mkono wa kushoto?" Darasa zima halikuwa na mkono wa kushoto kama wangu, hilo walilikiri wenyewe. Nilimjibu kwamba mwalimu wangu hasafiri.

Baada ya wiki kadhaa taa zilianza kufifia. Nyekundu ikawa kama kaa la moto linalokaribia kuwa jivu, na sauti ikawa inayumba. Siku ya mnada nilishuka Karatu kwa miguu nikamwuliza fundi redio. Hakuinua kichwa kutoka kwenye kazi yake. "Betri zikiisha kabisa, kumbukumbu inafutika," alisema. "Ukibadilisha upesi sana, inabaki. Ukizubaa, imekwenda."

Nilipomweleza Mama Margwe, aliinuka akaweka kiganja juu ya kinanda. Ukungu ulikuwa umeshafika dirishani. Kisha akasema, "Nilimzika nikijua yuko hapa. Asife mara ya pili, Baha."

Betri zilizotakiwa zilikuwa sita, zile kubwa za tochi. Mama Margwe hakuweza kwenda dukani wala kumtuma mtu mwingine. Nikaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba, na nikaanza na Mzee Awaki, kwa kuwa tochi yake ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Aliitumia kufukuza nyati na tembo wanaotoka msituni kula mahindi. Aliniona kwa mbali akanyoosha kiganja.

"Simama hapo hapo. Usisogee."

"Shikamoo, aako," nilimwamkia, yaani babu.

"Marahaba. Unataka nini?"

"Betri, aako. Za kinanda."

"Za kumpigia nani? Za kumpigia marehemu?"

"Najifunza."

"Hutaweza. Mtoto wa ndama huyu. Kinanda kinataka mtu aliyekaa, wewe hata ibadani hukai." Alikuwa akisema hivyo huku anafungua kitako cha tochi yake. Alizitoa betri zake mbili, akaziweka chini kwenye njia, akarudi nyuma hatua kadhaa. "Okota. Na usinirudishie. Kitu kikishaingia kule hakitoki mpaka metimani iishe."

Kwingine ilikuwa vivyo hivyo. Mmoja aliiweka juu ya kigingi cha ua. Mwingine juu ya jiwe la kufulia. Mama mmoja aliitoa kwenye redio taarifa ya habari ikiwa hewani, akaiviringisha kwenye majani ili nisifike mlangoni. Hakuna aliyenipa mkononi. Nilipokuwa narudi nimezipakata kifuani, niligundua kijiji kimekuwa kimya kuliko kawaida: redio hazisemi, tochi haziwaki, na ndani ya ukungu watu wamesimama milangoni wananitazama nikipita, bila kunisalimia.

Tulikigeuza kinanda kifudifudi juu ya kitanda. Mama Margwe alikishika kama mtu anavyomshika mtoto mgonjwa anayechomwa sindano. Nilitoa za zamani, nikaingiza mpya, moja nikaigeuza vibaya, nikaitoa, nikairudisha. Tukakigeuza. Nikabonyeza. Hakikuwaka kitu. Mama Margwe alifumba macho. Halafu taa moja, upande wa kushoto kabisa, ikawaka, na Margwe akaanza.

Miezi yote iliyofuata watu walinikopesha hivyo, wakiweka chini na kurudi nyuma. Mpaka alasiri niliyoingia nikakuta harufu ile ya uchachu imejaa chumbani. Betri moja ilikuwa imevuja. Nyaya za ndani zilikuwa zimeota ukungu wa kijani. Nilizikwangua kwa kisu, nikaweka betri nyingine, kinanda kikawaka. Nikabonyeza kibonye. Nikabonyeza tena. Kumbukumbu ilikuwa tupu.

Mama Margwe alikuwa kwenye nafasi yake ukutani. Hakuuliza. Niliogopa akiuliza nitamjibu nini, kwa hiyo nikakaa kwenye kigoda nikaanza kupiga. Nilipiga polepole, kidole kidogo kikichelewa, kosa mahali pake, masahihisho mahali pake. Vitufe viliwaka chini ya vidole vyangu, lakini sasa vilinifuata mimi. Nilipofika kwenye ule ukimya niliinua mikono, kama alivyofanya yeye.

Nyuma yangu mtu akaimba.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba, ya Kiiraqw, mstari mmoja tu, ikipanda pale ambapo taa hazikuwahi kuwaka. Sikuthubutu kugeuka. Ilikatika, ikavuta pumzi, ikaanza tena, na mimi nikasubiri, mikono hewani, hata mabega yakaanza kuuma. Ilipomaliza, ndipo nikashusha vidole.

Tulipofika mwisho nilimtazama. Alikuwa amefumbua macho na alionekana kushangaa, kama mtu aliyetarajia kumwona mwingine kwenye kigoda kile.

"Hapo ndipo ninapoingia," alisema. "Alikuwa ananitengenezea, tuimbe wote Jumapili. Kila nilipojaribu na kile kinanda, nikivuta pumzi, yeye ameshaondoka. Hakunisubiri hata mara moja." Akajifunika shuka. "Wewe umenisubiri."

Metimani iliisha. Kinanda kikarudi kanisani, na mimi nacho, na Mzee Awaki akasema mbele ya kwaya yote kwamba tungoje tuone. Waliona. Nilipiga Rhotia, nikapiga Karatu, nikaenda Arusha, nikaenda chuo cha sanaa huko pwani nikiwa na begi moja, nikarudi na stashahada, gari dogo na spika nne. Hakuna aliyenishika mkono kwenye njia hiyo. Ndivyo nilivyokuwa nikisema kila nilipohojiwa.

Mwaka niliofungua duka nilinunua katoni ya betri kubwa nikapanda nazo kijijini, kumlipa kila aliyenikopesha. Nilivaa suti, sitaficha. Watu wana umeme wa jua sasa, wengi hawana tena kitu cha kutia betri zile, lakini walizipokea, wakacheka, wakanikaribisha chai. Wawili walikuwa wameshafariki, nikawapa watoto wao. Kwa Mzee Awaki nilifika mwisho. Amezeeka, macho yamefifia. Nilimwambia nimeleta deni lake, na kwamba aliwahi kusema sitaweza.

"Nilisema," alikubali. "Nilidhani hutaweza."

"Sasa mbona ulinipa, aako? Nyati walikula mahindi yako."

Alinitazama kama mtu anayemweleza mtoto jambo la wazi. "Tungefanyaje? Mama yule alikuwa na msiba, na hatukuwa na njia ya kufika kwake. Hatukuweza kumpelekea unga wala kuni. Wewe ndiye uliyekuwa unaingia."

Nilikuwa nimeshikilia betri mbili, moja kila mkono. Wale watu waliosimama milangoni ndani ya ukungu, ambao maisha yangu yote niliamini walikuwa wanamwogopa marehemu na kunicheka mimi, walikuwa wanazitazama rambirambi zao zikienda.

Mzee Awaki hakuzichukua betri kwanza. Alinishika mkono wangu wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, akautikisa taratibu, jinsi tunavyomshika mwenye msiba.

"Pole, Baha," alisema. "Siku zile sikuweza kukupa mkono. Pole kwa Margwe."

Nikaweka betri chini, nikamshika na wa kulia. "Nimeshapoa, aako," nikamjibu, na hapo ndipo nilipoanza kulia.