Kinyonga Hana Sumu

Swali moja lilininyima usingizi: nikiogopa mbele ya wanafunzi, nani ataniamini tena? Nimemaliza chuo juzi tu, najitolea kufundisha baiolojia kidato cha tano, na wiki nzima nilikuwa nimewahubiria kwamba kinyonga hana sumu. Sikuwaambia kwamba mimi mwenyewe sijawahi kumgusa.

Tulipofika kwenye bustani ya wanyama kule Bigwa, mtunzaji alimtoa kinyonga wa milima ya Uluguru. Nikarudi nyuma ya kundi, eti nasimamia nidhamu. Mara kitu kikanikwaruza shingoni.

"Mama yangu!"

Nilitimua mbio hadi banda la kobe, kiatu kimoja kikabaki njiani. Kumbe ni kijiti cha ua wa michongoma.

Neema, mmoja wa wanafunzi, akaniletea kiatu, wenzake wakicheka hadi machozi. "Mwalimu, si ulisema hana sumu?"

Nilitaka kusingizia nyigu. Nikaghairi. "Hana. Lakini namwogopa tangu utotoni."

"Na sisi je, mwalimu?" Neema akasema. "Kwetu akionekana nyumba nzima inahama!"

Nikamwendea mtunzaji, nikanyoosha mkono. Kinyonga akapanda taratibu. Neema akasogeza mkono wake karibu na wangu.