Mke Wangu Anaimba Jazi

Mke wangu anakaribia miaka sabini, amefungwa jela mara mbili, na sijamsikia mtu anayemfikia kwa kuimba jazi katika mwambao wote huu wa ziwa, kuanzia Kagunga mpakani mpaka kwetu Ujiji. Kabla hujanipeleka ustawi wa jamii: huyo ni bibi yangu, mama yake baba. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na mume anamwambia mkewe lolote linalomjia mdomoni. Baba hana ruhusa hiyo. Yeye ni mtoto. Kazi yake ni kusema "Shikamoo, mama," na kutazama chini.

Ndiyo maana Bibi alipotoka jela mara ya pili na kuja kuishi kwetu, nyumba nzima ilipatwa na adabu ya ajabu. Jela ikaitwa "safari". Gongo, ile pombe haramu iliyompeleka huko, ikaitwa "yale maradhi". Wageni walikaa sebuleni wakisema, "Mama alipokuwa safarini, mvua zilikuwa nyingi kweli," utadhani alikwenda Dubai. Siku ya kwanza nilivumilia mpaka chakula cha mchana.

"Mke wangu," nikamwambia, "safari yote hiyo hukuniletea hata pipi?"

Mama aliangusha mwiko. Baba alinitazama kwa jicho la kuniandalia kaburi. Bibi alicheka mpaka wali ukampalia, nikampiga mgongoni, na tangu hapo tukawa wanandoa rasmi.

Miezi ya mwanzo mtu akibamiza geti tu, Bibi alikuwa anachuchumaa palepale alipo, kama wafungwa wanavyofanya wakihesabiwa. Hakujua hata anafanya. Wengine walijifanya hawaoni. Mimi nilikuwa namwambia, "Umeshahesabiwa, mke wangu, inuka." Anainuka, ananitukana kwa Kiha, maisha yanaendelea.

Jioni anakaanga migebuka mbele ya nyumba, na watu wanakuja mpaka kutoka Katubuka kununua. Ila kuimba, hapana. Hata kuvumisha wimbo kwa mdomo uliofumba hataki. Na kila mzee wa mji huu anakuambia kwamba zamani, bendi za dansi zilipokuwa bendi, watu walikuwa wanashuka kwenye treni na mizigo yao na kwenda moja kwa moja kumsikiliza bibi yangu. Siku moja nikamuuliza kwa nini haimbi. Akageuza samaki kwanza.

"Sauti na kiu vililelewa kitanda kimoja," akasema. "Ukimwamsha mmoja, na mwenzake anaamka anauliza chai iko wapi. Mimi tangu nianze sijawahi kupanda jukwaani nikiwa mkavu. Hata mara moja. Nilikuwa nakunywa ili niimbe, baadaye nikaimba ili ninywe, mwisho nikapika mwenyewe na kuuza, wakaja askari. Sasa sijui aliyekuwa anaimba ni mimi au ni ile kitu."

"Jela si uliacha?"

"Niliacha kwa sababu haikuwepo. Usinipe sifa za bure. Lete sahani."

Basi, Ijumaa moja baada ya swala akaja mzee mmoja kwetu. Amevaa koti la suti kwenye jua lile, mkononi ana mfuko wa sukari, na nyuma yake kijana wa bodaboda ameshika jogoo. Ni mpiga dramu, waliwahi kuwa bendi moja na Bibi enzi hizo, lakini sisi hatukulijua hilo. Baba akamkaribisha kwa heshima zote, mimi nikatumwa soda.

"Mwanangu," mzee akaanza, "nimekuja kiungwana. Nimekuja kumwomba mama."

Baba akaweka glasi chini polepole. "Mzee wangu... mama mwenyewe ana habari?"

"Ah! Mimi na yeye tunajuana kabla wewe hujazaliwa."

Baba ni mweusi tii, lakini naapa alibadilika rangi. "Na... utaratibu wenyewe utakuwaje?"

"Jumamosi tu. Saa kumi namchukua, magharibi namrudisha."

Nikakimbilia uani kabla sijapasuka. Bibi alikuwa nyuma ya pazia, amejaza kanga mdomoni, machozi yanamtoka kwa kicheko. "Mume wangu," akaninong'oneza, "naona unaachwa hivi hivi."

Ilichukua muda mzee kueleweka. Bendi yao inapiga jazi kila Jumamosi jioni kwenye bustani ya hoteli moja kando ya ziwa. Dada aliyekuwa anawaimbia amehamia Dar. Wamejaribu mabinti watatu, wote wanaimba kama wanakimbizwa. Yeye akasema anamjua mtu.

Baba alipoelewa kwamba si posa, alianza kufurahi, kisha furaha ikamwisha usoni. "Mzee, unisamehe. Mama tumempata juzi tu. Sitaki kumpoteza tena."

Sikuwahi kumsikia Baba akisema hivyo. Bibi naye hakuwahi. Akatoka nyuma ya pazia, kanga sasa iko begani.

"Mwanangu, kule nilikaa kwa amri ya hakimu. Kwako nakaa kwa kupenda. Niache niende mara moja tu, nijue."

"Ujue nini, mama?"

"Kama naweza kuimba mkavu. Nikishindwa, narudi kwenye migebuka yangu, na hamtanisikia nikitaja jukwaa tena mpaka mnizike."

Baba akatazama chini, kama kawaida yake. Jogoo tukamla.

Jumamosi yenyewe Baba alivaa kanzu ya Ijumaa na kofia ya Idi, akakaa meza ya mbele pale hotelini kama mtu aliyefiwa mahali pasipostahili. Mimi pembeni yake. Milima ya Kongo ng'ambo ilionekana wazi, upepo wa ziwa unapeperusha vitambaa vya meza, watu wamependeza. Bibi alitoka na gauni la zambarau la mama yangu, na chini raba zangu za shule, kwa sababu viatu vyote vya kike vilimkataa miguu.

Sasa, kuna jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Watu wa huku wakimpenda mwanamuziki, hawaishii kwenye makofi. Wanamtunza. Na wengi wanatunza kwa bia: unamwambia mhudumu apeleke moja jukwaani, mwanamuziki anainua chupa kukushukuru, anapiga funda, na wewe unavimba mbele ya shemeji zako. Kukataa ni kumtia mtu aibu.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akaanza kwa sauti ya msibani. "Ndugu zangu, mama yetu huyu amepitia mitihani mingi ya maisha. Tumpokee kwa heshima." Watu wakapiga makofi ya pole, yale ya kumpa mkono mfiwa. Na wazee waliomkumbuka, Mungu awape afya, wakaanza kutunza hata kabla hajafungua mdomo. Mhudumu akaweka chupa ya kwanza miguuni pake. Ya pili. Ya tatu. Zote zimefunguliwa, povu linapanda shingoni.

Bendi ikaanza. Tarumbeta ikamwita, akanyamaza. Mzee wa dramu akazungusha tena, akamwita mara ya pili. Bustani nzima ilikuwa inamngoja kwa adabu, na adabu ile ilikuwa inamla. Nikaona ulimi wake unapita kwenye midomo. Halafu magoti yake yakaanza kukunjika, taratibu, mkono unashuka kuelekea chini.

"Mama," Baba akasema. Lakini aliisema kwa heshima, na sauti ya heshima haivuki hata meza.

Mimi sina heshima. Nikasimama juu ya kiti.

"Oya, mke wangu! Umeitwa kuimba au kuhesabiwa?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Mama mmoja meza ya jirani akasema, "Astaghfirullah, mtoto wa nani huyu?" Mkono wa Baba ukanikamata shingo. Jukwaani, Bibi akabaki amekunjika hivyo hivyo kitambo, kisha akanyooka, akaweka kiganja juu ya macho kututafuta.

"Nani huyo ananguruma?" akasema kwenye kipaza sauti. "Aah. Msimpige, jamani. Huyo ni mume wangu. Kidevu hakina hata unywele mmoja, lakini mdomo kama wa mpiga debe."

Kicheko kikaanzia nyuma.

"Imba basi!" nikamjibu. "Au sauti umeiacha kwa mkuu wa gereza?"

"Sauti niliificha, askari walipekua kila kitu wasiione. Na wewe hisabati zako umeziacha kwa nani? Maana kwenye mtihani hazikuonekana!"

"Mjukuu kafa!" mtu akapiga kelele. "Mjukuu kazikwa!"

"Na hizo chupa kaa nazo mbali!" nikasema, na hapo sikuwa natania sana. "Nakujua wewe! Utamaliza za watu wote halafu uhamie kwenye ziwa!"

Akazitazama. Baba aliacha kupumua, nilisikia kupitia mkono wake.

"Mnamsikia?" Bibi akasema. "Ana wivu huyu. Ila kwa hili hakosei. Jamani mlionitunza, Mungu awazidishie. Lakini mimi fungu langu la pombe nilishalimaliza, nikala na fungu la wenzangu, mpaka serikali ikaona huruma ikanipa chumba bure. Hizi wapeni wapiga tarumbeta, wana kazi ngumu. Mimi nileteeni chai ya tangawizi." Akageuka kwa mzee wa dramu. "Na wewe ngoma yako ni hiyo hiyo? Haya, zungusha."

Akaimba. Wimbo wa mwanamke anayemfukuza mwanaume aliyekaa ng'ambo miaka, akarudi na samaki mmoja. Sauti yake ina kokoto ndani. Anachelewa kidogo nyuma ya dramu, kwa makusudi, kama abiria anayejua kwamba treni haiwezi kuondoka bila yeye, na ukishaanza kuogopa kwamba leo kaachwa kweli, huyo, ameshapanda. Nilitaka nipate kitu cha kumcheka, nikakosa. Mkono wa Baba ulibaki shingoni kwangu wimbo mzima, ila ulikuwa umesahau umekuja kufanya nini pale.

Hiyo ilikuwa kabla ya mfungo. Sasa hivi ukitaka meza Jumamosi uwahi. Picha yake iko kwenye bango karibu na stesheni, amewekewa meno ambayo hana. Amekwenda kuimba Kasulu, amekwenda mpaka Bujumbura, akasimama akawasalimia "Amahoro" ya Kirundi, kisha akaongeza "Mwidiwe" yetu ya Kiha, ukumbi ukainuka. Redioni mtangazaji alimuuliza kiungwana kuhusu "changamoto alizopitia", akajibu, "Jela, mwanangu, sema tu jela, haing'ati," mpaka wakakimbilia matangazo ya sabuni. Na watu wameshajua. Hakuna anayemtunza bia. Wanapeleka jukwaani sukari, dagaa, madumu ya mawese, na kuna siku alitunzwa bata mzima, bata akapiga kelele kuliko tarumbeta. Baba ndiye anayebeba. Mara moja alijaribu naye kutania. Alisema, "Mama, leo kidogo umechuja," kisha akaomba radhi mara mbili na kwenda kumnunulia shali.

Mimi kazi yangu ni ile ile, kukaa mbele na kumchokoza. Watu wanadhani tunafanya mazoezi. Jumamosi iliyopita tumerudi nyumbani, nimekaa kizingitini namvua raba, akanipiga kofi la kichwa.

"Leo umenitania kizembe."

"Nina mtihani wa fizikia, mke wangu. Akili imechoka."

"Sikiliza," akasema, na akashusha sauti ili Baba asisikie. "Ile kitu haijaondoka. Kila Jumamosi inakuja, inakaa meza ya mbele, imechana nywele, inanitazama. Ukinichokoza vizuri sipati nafasi ya kuitazama. Ukilegea, naiona. Leo nimeiona wimbo mzima."

Raba ya kushoto ilikuwa imekaza fundo. Nikaendelea na kamba za kiatu.

"Haya," nikasema mwisho, "wewe kizee mwenye meno ya kuazima kwenye bango..."

"Ya meno ulishaisema wiki iliyopita."

"Basi hiyo miguu yako, inanuka kama mwalo wa samaki wa Kibirizi."

Akafikiri, akanusa. "Hiyo ina kitu," akasema. "Lakini bado. Ongeza."