Mwaloni wa Ndani ya Ndoo

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ile niliyopewa diploma. Ni siku moja ya Oktoba, mwaka wetu wa kwanza Louisville, Marekani, tulipokuwa tumepanga nyumba kule Shively. Nilikuwa kijana, nimeoa juzi tu. Baba yangu aliingia jikoni na kofia iliyojaa mbegu za mwaloni.

Mti huo yeye aliujua kwa kusikia kanisani tu. Kumbe ulisimama uani kwa jirani yetu, mzee mmoja Mmarekani, mkubwa kuliko nyumba yake. Baba alimwaga mbegu kwenye beseni la maji. Zilizoelea akazitupa, zilizozama akazikausha kwa shati lake. Kisha akaniita nimtafsirie kwa jirani, aulize zinapandwaje.

Wakati huo Kiingereza changu kilishinda cha kila mtu katika kanisa letu. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Nilijifunza mwenyewe kwenye kambi ya wakimbizi, kwa redio, na wazee walipanga foleni mlangoni niwasomee barua zao. Nilikuwa nimewachoka. Na siku hiyo nilikuwa nachelewa kazini, kwenye ghala.

Jirani alieleza polepole. Mbegu zilale kwenye baridi miezi mitatu, ndani ya mchanga wenye unyevu. Hilo nililitafsiri. Akaendelea: mwaloni hutoa mzizi kwanza, mmoja mrefu, unaoshuka moja kwa moja. Usikae kwenye chombo. Upelekwe ardhini mapema, la sivyo mzizi utajikunja na mti hautapona. Akanyoosha mkono kuonyesha kona ya ua wetu, karibu na uzio.

"Anasema nini?" Baba aliuliza.

Nikafikiria mwenye nyumba, kuomba ruhusa, barua za kuandika. "Anasema tuzimwagilie maji, Papa. Bon, twende."

Majira yale ya baridi mke wangu alilalamika kila alipofungua friji. "Wewe, mchanga wa baba yako umekalia chungu changu cha mboga ya sombe!"

Baba alimjibu kutoka sebuleni, "Mama, wewe pika. Mimi nalea."

Mbegu moja tu ilipasuka. Akaipanda kwenye ndoo ya plastiki iliyowahi kubeba rangi ya kupaka ukuta, akakaa nayo dirishani wiki baada ya wiki, juu ya udongo hakuna kitu. Jani la kwanza lilipotoka aliniita niache kula nikalione.

"Kambini miaka kumi na minane nilipanda lengalenga," aliniambia. "Mboga ya kuliwa kabla hawajatuhamisha. Kabla sijafa nataka kuweka ardhini kitu kimoja kisichohama."

"Ngoja ninunue nyumba, Papa. Utapanda kwetu."

Tukahamia Columbus kwa ajili ya mshahara na masomo yangu. Ndoo ilisafiri katikati ya magoti yake. Tukahamia Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey, ghorofa ya pili. Ndoo ikakaa barazani. Majani yakawa madogo, ya njano. Siku moja Baba aliniuliza, bila hasira:

"Yule jirani wa Shively, hakusema kitu kingine?"

"Hapana, Papa."

Akatikisa kichwa. "Donc, kumbe kosa ni langu. Mkono wangu umezoea mboga."

Nikainamia simu yangu.

Alifariki Februari, udongo wa ndoo ukiwa umeganda. Kiangazi kilichofuata nilinunua nyumba Cheektowaga, jirani na Buffalo, mimi niliyeingia nchi hii na mfuko mmoja mkononi. Nikachimba shimo pana, nikaweka udongo wa dukani, nikaupanda mwaloni wa Baba. Ulisimama miaka miwili. Kisha ukaja upepo, wala haukuwa mkali, ukaulaza. Nilipouinua ulikuja wote, mwepesi kama ufagio. Mizizi ilikuwa imejizungusha, duara juu ya duara, bado ina umbo la ndoo. Katika udongo wote ule mzuri haikuwa imepenya hata kidogo.

Siku hiyo nilimweleza mke wangu kila alichokisema jirani. Alikwenda kuitafuta ile ndoo, akaiosha, akaipindua ikauke.

Sasa nimerudi Louisville. Nina diploma ya ukalimani, naitwa mahakamani na hospitalini, na sijamwona mjini hapa wa kunishinda. Kila nikimaliza kutafsiri hujiuliza kwa sauti, "Kuna neno nimeliacha?" Watu hudhani nilifundishwa hivyo chuoni.

Basi wewe kijana, ninayekuita mwanangu ingawa sikukuzaa, unayempeleka mama yako kliniki, unayemsomea babu yako barua: mpe maneno yote, hata ukiwa na haraka, hata ukiona yatakuletea kazi. Asiyeijua lugha hawezi kujua ulichomnyima. Mambo yakiharibika atajilaumu mwenyewe, na utamtazama akijilaumu. Kama umeshaficha kitu, kiseme angali anakusikia. Mimi nilikuwa na miaka ya kukisema, nikaipitisha. Na akikuomba shimo moja kwenye ua wa kupanga, kamwombe mwenye nyumba, ulichimbe wiki hiyohiyo.

Mungu akupe ulimi mwaminifu, na awaache wazee wako wakae nawe muda wa kutosha kukusamehe.